Kutoka Matombo Kwenda Kupunguzwa Kifua

Niliondoka Matombo kwa sababu ya matiti. Msicheke. Yalikuwa mazito mno: nikiinama kulima mgongo unakatika, na ngozi chini yake haikauki vidonda. Shamba nililopewa na ukoo limesimama mlimani kama ukuta, na lilikwisha kunishinda. Watu walianza kusema apewe mdogo wangu. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Alfajiri nilishuka na mume wangu, Salum. Jioni tulifika Bigwa kwa binamu yangu Zuhura, mwanamke mwembamba asiyejua kunyamaza.

"Wakikata, niletee kinachobaki," alisema. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi, hospitalini Morogoro, daktari Mdachi, yaani Mjerumani, alinipima, kisha akamwuliza Salum kama anaridhia. Hapo tukagundua tumekosea.

"Bwana daktari, mimi ni mkwe tu," Salum alijibu. "Mwenye mtu ni mjomba wake."

Daktari alishangaa. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo kama hili mume halikatii shauri. Nikangoja Bigwa, Salum akapanda tena mlima kumwita mjomba.

Mjomba alifika amekunja uso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Tulipokaa mbele ya daktari, mjomba ndiye aliyeanza kuuliza. "Ukimlaza kwa dawa, ataamka?"

"Wengi huamka. Kuapa siwezi."

"Na kunyonyesha?"

"Huenda asiweze tena."

Mjomba akanigeukia. "Mwanangu, wewe wasemaje?"

Niliogopa, lakini nilimjibu. "Wanangu wamekua, mjomba. Nataka kulima."

"Basi, daktari, fanya kazi yako."

Siku ya kupasuliwa waliniwekea puani kitambaa chenye dawa kali, nikapotelea usingizini. Nilipoamka nilitapika. Kifua kiliwaka moto, na bendeji zilinibana hata kukohoa kukawa adhabu. Mikono sikuweza kuinua. Zuhura ndiye aliyenichana nywele. Uvimbe ulipungua polepole, nyuzi zikatolewa. Makovu ninayo, na upande mmoja umekufa ganzi mpaka leo. Lakini mabega! Nilipokaa wima mara ya kwanza, nililia kwa furaha.

Kurudi Matombo tulikwenda taratibu, Salum akibeba kila kitu. Daktari alinikataza mizigo, basi hata maji akachota yeye, mtungi kichwani, wanawake wakimzomea mtoni.

"Zomeeni tu," aliwajibu. "Mke wangu anapumua."

Nimejifunza kwamba si kila maumivu ya mwanamke ni ya kuvumilia. Mengine yana dawa, ila upone kwanza ndipo ujaribu nguvu zako.

Nilipopona kabisa, mvua zikanyesha. Mjomba alikuja shambani pamoja na mdogo wangu, aliyekuwa na jembe begani. Walisimama kutazama. Nililima kutoka chini mpaka juu bila kushika kiuno.

Mjomba akamgeukia mdogo wangu. "Twende," akamwambia, "tukakutafutie shamba lako."