Picha ya Mto Ambayo Mama Hakuiona

Enzi zetu pale Tabora picha ilijulikana kwa njia mbili: kuiona, au kukaa karibu na aliyeiona. Wengi wetu tulikuwa wa njia ya pili. Nawajua watu wazima, wana wajukuu, wanaokuimbia nyimbo za Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho na kukuonyesha jinsi jambazi alivyodondoka kutoka juu ya farasi, na hawakuwahi kukanyaga jumba la sinema. Mmoja baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa. Mwingine kila likizo alipelekwa Bukene kuchunga ng'ombe wa babu yake, na picha nzuri zilikuwa na tabia ya kuja wakati wa likizo. Yuko aliyekwenda mara moja tu, umeme ukakatika kabla hata jina la picha halijasomeka, akarudi nyumbani na kususa moja kwa moja. Mimi nitasimulia habari za mama yangu. Alitamani picha moja tu maishani, akaijua kuliko walioiona, na amekufa bila kuiona.

Tuliishi Gongoni. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na nguo zake zilinukia mafuta ya mashine na pasi ya mkaa. Sisi watoto tulicheza rede mpaka vumbi likatuingia kwenye kope. Michembe mikavu ya viazi tuliitafuna njia nzima kwenda shule, hao watoto wa siku hizi wangevunjika meno. Mvua zikianza tulitoroka kwenda porini kuokota ntalali, matunda meusi matamu yanayoacha midomo kama tumelamba wino. Tukirudi tunasema tulikuwa madrasa. Mama anatushika kidevu, anatugeuzia uso kwenye mwanga. "Njia ya mwongo fupi," anasema, kisha anatucheka.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipougua homa. Siku ya nne tukamzika. Mama akaingia eda.

Kwa walioanza kusahau mambo haya, mjane alikaa ndani miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura kubwa. Shangazi Mwavita, dada yake baba, alihamia kwetu kuhakikisha mambo yanakwenda inavyotakiwa, na alikuwa na macho ya kuona hata mama akicheka. Wanawake walikuja, wakasoma, wakatoa pole, wakaondoka. Mama alichagua mchele, alishona vifungo, alichagua tena mchele uleule.

Picha zilifika kwa treni siku zile. Zinakaa wiki mbili, zinapakiwa tena, zinakwenda Mwanza au Kigoma, basi, aliyeikosa kaikosa. Ikifika mpya, bwana mmoja tuliyemwita Kipaza alizunguka mitaani na baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika honi ya bati mdomoni. Eda ya mama ilikuwa imebakiza wiki tatu alipopita chini ya dirisha letu.

"Mto umefurika! Mume kachukuliwa na maji! Mke anangoja mlangoni! Je, mumewe atarudi? Jumatano saa nane mchana, wanawake watupu! Njooni mjionee wenyewe!"

Mama aliacha ungo mapajani. Kesho yake, saa ileile, alikuwa amekwishakaa dirishani. Keshokutwa vilevile. Kipaza anapita, anauliza, "Je, mumewe atarudi?" halafu anapiga kengele na kwenda zake Kiloleni, na mama anabaki na swali. Angemwuliza nani? Mjane aliye edani aulize habari za sinema, Gongoni nzima ingekuwa na habari kabla ya Magharibi.

Jumatano Shangazi alikuwa na darasa la wanawake, anaondoka baada ya chakula na kurudi alasiri. Alipotoka tu mama aliniita chumbani, akafungua fundo la kanga, akanitia sarafu mkononi.

"Tatu, mwanangu, kimbia ukaangalie. Nyimbo sizitaki, mapigano siyataki. Nataka kujua tu kama alirudi. Na usimwambie mtu."

"Hata Shangazi?"

"Shangazi hasa!"

Sikuwahi kuingia jumba la sinema. Nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, miguu haifiki chini, kati ya mabuibui yaliyonukia asumini. Yule mume alikuwa fundi wa madaraja, mwembamba, mwenye tabasamu la upande mmoja kama baba. Sikumwona mwingine. Aliimba, alioa, akaenda kazini ng'ambo ya mto, mvua ikanyesha, mto ukaja na magogo, na yeye akawa katikati ya daraja. Mkono wake ulionekana mara moja juu ya maji. Kisha hakuna mkono. Taa zikawaka, milango ikafunguliwa, wanawake wakainuka huku wanajifuta machozi. Yule wa kando yangu aliacha kanga yake kitini, nikataka kumwita, lakini nilikumbuka Shangazi. Nikakimbia bila kugeuka.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Alirudi?"

Miezi mitatu na zaidi sikuwa nimeuona uso wake ukitaka kitu. Kusema kweli sikufikiri.

"Alirudi, mama."

"Alirudi lini?"

"Magharibi. Mkewe anawasha taa. Akapiga hodi, akaomba maji."

Mama alikaa chini palepale, akajifunika kanga, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. "Alhamdulillahi," akawa anasema, "alhamdulillahi." Nilimpigapiga mgongoni kama mtu mzima, nami moyoni nauona ule mkono juu ya maji.

Eda ilipokwisha mjomba alikuja kutuchukua, tukahamia Kigwa. Kigwa treni ilisimama, lakini picha hazikushuka. Hakuna aliyeiona ile, kwa hiyo mama akawa ndiye mwenyewe. Aliisimulia wanawake wakipukuchua mahindi, aliisimulia kisimani, na kila mwanamke kijijini alipofiwa na mume, mama alikwenda kukaa naye, na siku ya tatu au ya nne lazima angeitoa picha ya mto. Aliisimulia vizuri! Mvua yake ilinyesha, magogo yake yaligonga. Akifika pale Magharibi, mke anawasha taa, alishusha sauti, na wajane walishikana mikono. "Najua wetu hawarudi," angewaambia. "Lakini kama yupo mmoja aliyerudi, inatosha."

Nami nimekaa pembeni nasikiliza uongo wangu ukipewa uji na kukuzwa.

Basi ikawa kazi yangu ya maisha kuulinda. Shule ya bweni wasichana wakianza kusimulia picha ile, niliinuka nikaenda kusali, wakaniona mcha Mungu. Sikutaka kumwona akifa mara ya pili. Nilipokuwa mwalimu, banda la video likafunguliwa karibu na kwangu, mama alikuja kunitembelea akaniuliza kwa haya, kama msichana, kama wale vijana hawawezi kuitafuta ile ya mto. Nikamwambia kanda zake hazipo tena. Hata kuuliza sikuwauliza.

Halafu zikaja hizi simu. Binti yangu Salma ni wa kizazi kinachoangalia filamu huku kinakaanga maandazi na kubishana na watu kumi kwenye simu ileile. Filamu ya saa tatu anaimaliza kwa dakika arobaini, anairusha mbele kama anakimbizwa. Siku moja mama, aliyekwisha kutolewa mtoto wa jicho na anaona vizuri, alimsimulia ya mto. Salma akagusa kioo mara mbili tatu.

"Bibi, si hii hapa!"

Mama alinyoosha mikono yote miwili. Nikaidaka simu kabla yake. Nikamvuta Salma uani, nikamwambia bibi yako ana presha, picha hiyo itamuua. Kisha nikarudi nikasema mtandao unasumbua.

"Haya," mama akasema. "Siku nyingine."

Aliomba tena Ramadhani. Bando limekwisha, nikasema. Aliomba mwaka huu, amelala, hawezi kuinuka. "Hebu niwekeeni, nimwone tu anavyopiga hodi." Nilimwambia apumzike kwanza, tutaiangalia akipata nguvu. Akanishika mkono. "Hata hivyo mwisho wake naujua. Uliniambia wewe." Siku tisa baadaye tulimzika.

Tulipomaliza arobaini yake na wageni wakaondoka, nilikuwa na Salma uani tunasugua masufuria. Nilichoka kubeba peke yangu. Nikamweleza yote, kisha nikamwambia aiweke, nimwone yule mtu akizama, ili nijue angalau nilimwepusha mama na nini.

"Nirushe mbele?"

"Usirushe."

Mto ukaja. Magogo. Mkono juu ya maji, kisha hakuna mkono. Nikajifuta uso, nikasema, "Haya, izime. Imekwisha."

Salma alinitazama. "Imekwisha wapi, mama? Hapa ni mapumziko. Imebaki saa nzima na nusu."

"Mapumziko ya nini?"

"Si watu waende chooni, wanunue karanga, warudi."

Mwajua nyinyi nyote mliokwenda sinema. Mtu yeyote mjini angeniambia, kama siku moja tu ningeuliza. Mimi sikurudi tena kwenye jumba lile, na nilipowasikia wenye kujua niliinuka nikaondoka.

Tuliiangalia yote. Alirudi. Hakurudi Magharibi, alirudi asubuhi, na maji hakuomba. Alikaa kizingitini akavua viatu vilivyochanika, mke akatoka na beseni la nguo, akamkuta. Mama angeipenda asubuhi ile kuliko Magharibi yangu. Angempiga kofi la paja Salma, angesema, "Si niliwaambia!" Salma alinikumbatia na mikono yake yenye povu, akaniambia sikujua. Kweli sikujua. Hainisaidii kitu.

Enzi zetu aliyeikosa picha alikuwa na wa kumlaumu: treni iliyoichukua, umeme, baba mkali, eda. Tulinung'unika, tukasimuliwa, tukaishi. Siku hizi picha zote zipo, za kale na za jana, hazipandi treni, mchana na usiku zinamngoja mtu mfukoni, na watoto wetu wanazipita bila kuzitazama. Mama aliomba moja. Ilikuwepo, ilikuwa mkononi mwangu, na yule mtu alikuwa amerudi.