Mikono Isiyoogopa Kinyonga

Bado nina hasira, na asije mtu akaniambia nitulie.

Mimi ni askari wa wanyamapori. Siku hiyo, kwenye kizuizi chetu cha Magamba, nilisimamisha gari la mnunuzi mmoja wa matunda. Nyuma kulikuwa na matenga ya plamsi, na pembeni yake ameketi mama mtu mzima wa kijiji cha jirani. Nikamwamkia kwanza, maana huku kwetu hata unayemkamata humkamati kabla ya shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

Chini ya plamsi kulikuwa na tenga lililofungwa kwa kitenge, linatikisika. Nikajua ni vinyonga wa pembe tatu, wa milima hii, wanaouzwa ng'ambo.

Kituoni hakuna aliyetaka kulifungua. Wasambaa tutamfuata nguruwe pori mpaka kichakani, lakini kinyonga tunamkimbia. Hata mimi sikusogea. Mnunuzi akaapa kwamba tangu azaliwe hajagusa kinyonga, na jasho lilikuwa linamtoka kweli. Si ndiyo sababu aliwatuma akina mama!

Mkuu wangu, akiwa amejibanza mlangoni, akalegeza sauti. "Shikamoo, mama. Hebu tusaidie kufungua."

Mama akafungua. Akawatoa mmoja mmoja, wakampanda mkononi taratibu. "Msiogope, wanangu. Hawa hawaumi."

"Umeona?" mkuu akaniambia. "Huyu ni mzoefu. Yule hata kuwagusa hawezi, atawakamataje?"

Nikapinga. Gari la nani? Nani aliyemwagiza mama? Nikaambiwa nisimfundishe mtu kazi. Mnunuzi akarudishiwa funguo, akateremka zake Muheza na plamsi zake. Mama akatiwa mahabusu. Mnyonge hana haki, tumelisikia hilo tangu utotoni, lakini kumnyang'anya haki yake kwa shikamoo! Nilitamani kuivua ile sare nimtupie mkuu usoni.

Kesho yake mama alitolewa kupelekwa mahakamani. Mkuu akamwamkia kama kawaida, macho yakiwa kwenye simu. Mama akapita.

Nikasogea mimi, nikainamisha kichwa. Nilitaka ajue kwamba nilimtetea.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia. Akakaza mtandio wake, akapanda gari, na hakuniitikia.