Dagaa wa Mama Wanaliwa Ghorofa ya Chini

Jamani, nimeolewa na msaliti.

Tangu tuhamie hapa Lyon, mume wangu kanikataza kukaanga dagaa anaotutumia mama yangu kutoka Kilosa. Eti jirani wa chini, bibi wa Kifaransa, analalamikia harufu.

Miezi minane navumilia!

Leo nimemkuta huyo bibi kwenye ngazi, nikamwomba radhi.

Akashangaa. "Harufu gani? Mumeo huja kuwakaanga kwangu kila Alhamisi ukiwa kazini. Watamu! Pole, kaniambia wewe dagaa huwapendi."

Mimi? Mtoto wa Mabwerebwere, kule Kilosa, niliyekuzwa kwa dagaa?

Bwana karudi sasa hivi, anaulizia chakula. Mara mama akapiga, anataka kujua kama mkwe wake kawafurahia dagaa.

Nikampa simu amjibu mwenyewe.

Hata shikamoo imemshinda.