Mchanga Mweupe wa Grini ya Saba

Katika klabu ya gofu iliyo chini ya mteremko wa Menengai, wachezaji wengi walimjua Kimeli kwa mgongo wake kuliko uso. Kazini alisimama wima kwa nadra. Alitembea ameinama, akizitazama nyasi kama mtu aliyeangusha sindano. Aliingia pale akiwa kijana wa kufagia majani, akapanda hadi akawa nyapara wa nyasi, na mvi zikamjia kabla hajapiga mpira hata mmoja. Hakuona ajabu. Mpishi wa harusi, alisema, si lazima aoe.

Mwaka ule grini zilikuwa zimechoka. Duara zile za nyasi fupi zenye kishimo cha mpira zilikuwa zimekandamizwa na nyayo za miaka mingi, hata maji ya mvua yakawa yanasimama juu yake kama yaliyomiminwa kwenye sinia. Kamati ikaamua zifumuliwe zote. Ogada, kapteni wa klabu, mtu asiyezungusha maneno, akamwambia Kimeli kwamba kampuni moja ya Nairobi iliitaka kazi hiyo, pamoja na utunzaji wote baada yake. Hata hivyo, kikosi cha klabu kingejaribiwa kwanza kwa grini ya saba na banka yake, yaani shimo la mchanga lililo ubavuni. Ikipona kabla ya mashindano ya Agosti, kazi ingebaki kwao. Isipopona, kampuni ingeingia, nao wangetafuta riziki kwingine.

Kimeli hakujihofia sana mwenyewe, maana kustaafu kulikuwa karibu. Aliwahofia wenzake wawili: Jepkemei, mjane wa mtaa wa Free Area aliyeshika jembe kando yake tangu watoto wake wakiwa wadogo, na Mbugua, ambaye hakuna mwajiri mwingine angeuvumilia mdomo wake.

Wakaing'oa nyasi kuukuu, wakaulegeza udongo kwa uma wa shambani, wakauchanganya na mchanga na samadi iliyooza vizuri, wakausawazisha kwa ubao mrefu. Kisha wakapiga magoti na kupanda vipandikizi kwa vidole, wakirudi nyuma polepole ili wasikanyage walichopanda. Nyasi zikashika. Kwa mbali grini ilionekana ina manyoya laini kama ya kifaranga. Ilibaki banka.

Hapo ndipo Kimeli alipoteleza. Kwenye televisheni ya baa ya klabu alikuwa ameona banka za ng'ambo, nyeupe kama unga wa sembe, na tangu hapo mchanga wa mtoni waliozoea kuutumia, wa rangi ya kahawia na mzito, ukamwia aibu. Akaagiza lori la mchanga mweupe kutoka upande wa Longonot. Ulipomwagwa, hata wachezaji walisimama kuutazama. Jepkemei aliuchota kiganjani, akaurusharusha.

"Mzee, hii ni ile jiwe ya kusugua miguu," akasema. "Imesagika tu. Ukiiweka kwa beseni inaelea."

"Na ni nani anaogea kwa banka?" Kimeli akauliza.

Mbugua alicheka hadi akaketi juu ya karai. Jambo likaishia hapo, maana mzaha hufunga mlango ambao ubishi ungeuacha wazi.

Mvua ilikuja alasiri moja kutoka upande wa ziwa, mvua ya kishindo, nao wakajibanza kwenye kibanda cha mashine. Kutoka pale waliiona banka ikijaa. Mchanga ukainuka juu ya maji, ukazunguka taratibu kama povu la nyama inayochemka, kisha ukavuka ukingo. Banka ilikuwa upande wa juu. Kila kilichotoka kikateremkia kwenye grini.

Mvua ilipokatika, nyasi hazikuonekana. Kulikuwa na tandiko jeupe tu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mbugua akasema. "Tuone sasa mchanga."

Alikuwa ameshachukua reki. Kimeli akamzuia, kwa kuwa mizizi bado ilikuwa michanga na meno ya reki yangeing'oa yote. Jepkemei akapendekeza waoshe grini kama mtu anavyoosha maharagwe, makapi yaelee yenyewe. Wakavuta mpira wa maji, wakayaachilia maji kwa upole kutoka juu, na huku chini wakatandaza magunia kukinga kilichokuja kikielea. Walifanya hivyo hadi jua likazama nyuma ya Mau. Sehemu kubwa ikafunguka. Lakini kona iliyopakana na banka ilikuwa imefunikwa mno, na siku zilizofuata ikageuka manjano.

Ogada alipokuja kukagua, alisema mvua za mwaka huo zilikuwa zimewasumbua watu kila mahali. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwekea mwenzake kiti. Mbugua akatazama viatu vyake. Kimeli angeweza kuketi.

"Si mvua, kapteni," akasema. "Mchanga niliuchagua mimi. Huyu mama aliniambia utaelea, nikamfanya kichekesho."

Ogada alikwenda kwenye kona ile, akaibonyeza kwa ncha ya kiatu, kisha akamuuliza Jepkemei kama ingepona kabla ya Agosti. Jepkemei alisema ingepona, ila ingekuwa na rangi yake, na kwamba mchanga ule wa kahawia urudishwe siku hiyohiyo.

Mashindano yakachezwa. Kona ilikuwa hafifu lakini hai, na mipira ikapita juu yake bila kugeuzwa njia. Kamati ikaacha kazi yote mikononi mwa kikosi, kwa sharti moja: nyapara awe Jepkemei. Kimeli alilipokea neno hilo kama mtu anavyopokea baridi ya Julai. Nyumbani kwake, mtaa wa Section 58, mkewe Cheptanui alimuuliza yeye amebaki na kazi gani. Alisema amebaki na ileile, isipokuwa sasa ataelekezwa.

Wiki iliyofuata walianza grini ya nane. Umande ulikuwa bado mzito. Kimeli aliushika uma wake, akauliza wachimbe hadi wapi.

Jepkemei alimwonyesha kwa mkono, kiganja kizima na kidogo zaidi.

"Hapo inatosha, mzee."

Kimeli akaukanyaga uma, ukaingia.