Kisanduku cha Maoni ya Afisa

Nilipoajiriwa karani katika kiwanda cha majani chai upande wa Embu, idara yetu iliitwa ofisi ya wafanyakazi, na viongozi walipatikana kwa kuchunguzwa bila wao kujua. Asubuhi meneja alisimama karibu na mizani, kikombe mkononi, akawauliza wapakuaji wa magunia swali moja: nani asipokuja, kazi inalala? Jina likitajwa na watu watatu wasiopatana, mwenyewe alipewa koti jeupe na kuambiwa amfuate msimamizi mzee msimu mzima. Nami nilipanda hivyo hivyo. Meneja aliwaambia wakubwa wake kwamba huyu kijana wa Meru anasikiliza watu, basi. Mimi sikuulizwa neno.

Sitaki kuipamba njia hiyo. Karibu wote waliovikwa koti walikuwa wanaume, na wengi wao walisali kanisa moja na meneja. Ndiyo maana semina zilipoanza katika hoteli za mjini nilizipokea kwa mikono miwili. Tulibandika karatasi za rangi ukutani, tukaandika maono yetu, tukala kuku, tukarudi na vyeti. Ninavyo saba. Sikumbuki hata kimoja kilinifundisha nini, ila kuku alikuwa mzuri.

Siku hizi tunaitwa rasilimali watu na tuna kompyuta. Anayetaka cheo hujipa alama mwenyewe, moja hadi tano, katika maswali ishirini: kama ana ujasiri, kama anaona mbali, kama watu humfuata. Chini kabisa kuna kisanduku cha maoni ya afisa, yaani mimi. Kisha mashine inapanga majina. Niliipenda sana, kwa sababu haijui kanisa la mtu.

Nafasi ya mkuu wa zamu ilipotangazwa, wa kwanza kuomba alikuwa mama mmoja wa Kanja, msimamizi wa chumba cha kunyaushia majani. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Hakungekuwa na nafasi nyingine, na sote wawili tulijua. Aliweza kushika majani kiganjani akakwambia yatakuwa tayari saa ngapi, na hakukosea. Vijana watatu walioomba pamoja naye, yeye ndiye aliyewafundisha kazi.

Alikuja kujaza ofisini kwangu, miwani puani, akibonyeza kwa kidole kimoja. Nikachungulia. Alikuwa amejipa mbili kila mahali.

"Mama, mbona mbili mbili tu?"

"Sasa bosi, nijipatie five mimi mwenyewe? Si watu watasema najiskia?"

"Hakuna mtu ataona. Ni computer."

"Na Mungu?" Akacheka. "Wacha tu ikae hivyo. Si hapo chini kuna place yako? Wewe ndio utanisemea."

Sikushangaa. Kwetu, hata siku ya posa, bwana harusi hukaa kimya kana kwamba hayupo, na wanaomjua ndio humsemea. Anayejisemea mwenyewe huulizwa watu wake wako wapi. Nilijua hayo yote, na nikamwacha abonyeze kitufe cha kutuma.

Mchana huo nilikuwa na maombi manne mbele yangu. Katika semina ya mwisho tulikuwa tumeonywa tusiitilie mashine mapendeleo yetu, na nilimkumbuka yule meneja na kanisa lake. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya maneno mia mbili. Niliandika mawili, yale yale kwa wote wanne: "Anatimiza wajibu." Nilijiona mtu wa haki, nikaenda kunywa chai.

Aliyechukua nafasi ni yule mdogo wa wote, ambaye alijipa tano ishirini. Si kijana mbaya. Mama alimpa mkono mbele ya watu, akamweleza ni feni ipi ya kunyaushia hupenda kukwama, na siku ya pili akaja ofisini kwangu.

"Bosi, siko na shida. Nataka tu kujua uliandika nini pale kwa box."

Ningeweza kumwambia ni siri ya idara. Nikamgeuzia skrini. Alisoma lile jina lake, akasoma yale maneno mawili, akasogeza kichwa karibu kana kwamba mengine yamejificha chini. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika miaka yangu yote ya kazi.

"Kumbe hunijui," akasema kwa upole, akavua miwani.

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu haki na mapendeleo. Kengele ya zamu ikalia, naye akarudi kwenye majani yake.