Chumvi ya Kuazima Milimani Ileje

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mbili, moja ya heshima na moja ya woga. Ya heshima ni kwamba rafiki yangu Kibona, tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la kahawa na kuvunjika paja, na mtu akivunjika paja huendewa. Ya woga ni kwamba nilikuwa nimeliahidi gazeti moja makala kuhusu mkulima na soko huria, na kila nilipoketi mezani niligundua kuwa nina shahada ya uchumi lakini sina mkulima. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Songwe ilikuwa bado jina la mto. Ileje, kwao Kibona, ilihesabiwa Mkoa wa Mbeya.

Asubuhi treni ilinishusha Tunduma, mji ambao sijaona mfano wake kwa kupenda biashara. Vijana walibadilisha shilingi na kwacha huku wakitembea, bila hata kuzitazama noti. Nililipia maji ya kunawa uso, kisha nikalipia benchi nililokalia kujifutia. Mama mmoja alinisalimu kwa Kibemba, "Mulishani?", na kabla sijajibu akataja bei ya viatu. Nilidhani anauza. Kumbe alikuwa anataka kununua vyangu, miguu ikiwa bado ndani.

Mwenyeji wangu hapo alikuwa Swalehe, Mrangi wa Kondoa tuliyesoma naye sekondari, ambaye sasa alinunua maharage milimani na kuwauzia Wazambia. Aliniita Profesa, cheo ambacho chuo kikuu hakijawahi kunitishia nacho. Akanipeleka sokoni tukanunua zawadi za mgonjwa: sukari, sabuni, na mfuko mzima wa chumvi.

"Huku hakuna nadharia, Profesa," akaniambia. "Ukiwa na kitu, kuna mtu anakitaka. Basi."

Kwa kuwa naye alikuwa anakwenda Ileje kutafuta maharage, nilipanda lori lake.

Mchana tuliiacha lami pale Mpemba na kuanza kupanda. Nilikuwa nimejiandaa kuandika habari za umaskini, na kalamu ilikuwa tayari, lakini milima ile ilinifunga mdomo. Kila mteremko ulikuwa umepangwa kwa mikono ya watu: kahawa chini ya migomba, mianzi kandokando ya vijito, na juu yake matuta, matuta, matuta, yamekatwa kukingama na mlima kama mistari ya daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Udongo ulikuwa mweusi na mtupu, unasubiri mvua. Nikamuuliza Swalehe ni kampuni gani iliyoyalima yote hayo. Akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Jioni tulifika kwa Kibona. Alikuwa amelala barazani, mguu ndani ya hogo, ile plasta nyeupe iliyokwisha kuwa ya kahawia kwa moshi.

"Kuruta," akaniita, kama kambini. "Umenenepa. Wanakulisha nini huko, karatasi?"

Mkewe, Mama Neema, akanipokea mzigo kwa kupiga magoti, akaniita shemeji, na hapo hapo nikaona kuwa nyumba ile ina jambo. Nyuma ya nyumba, mteremko wa shamba lao ulikuwa umejaa magugu ya mwaka jana. Katika mlima mzima wenye mistari ile mizuri, kipande kimoja tu kilikuwa hakijalimwa, nacho kilikuwa chao. Mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa Malawi.

Kibona alinieleza bila kujificha. Watu wa huko hulimiana kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwa jirani, na mwenye shamba hupika chakula na togwa, maana kanisa lao halitaki pombe. Miaka miwili nyuma, wanunuzi binafsi walipokuja kugombania kahawa, yeye alipata fedha nyingi kuliko alizowahi kuziona. Akaajiri vibarua kutoka Mbozi wamlimie. Zamu ya jirani ilipofika, hakwenda. Alituma fedha badala ya jembe. Jirani alipokea, akashukuru.

"Walikasirika?" nikauliza.

"Wangekasirika ningejua la kufanya. Waliacha kutuita tu."

Halafu bei ya kahawa ikaporomoka, akaanguka yeye, na akiba yote ikaishia kwenye mguu. Hakuitukana fedha. Fedha ndiyo iliyolipa hospitali, alisema, ila kumfikisha huko alibebwa kwa machela na wale wale waliokuwa hawamwiti. Mgonjwa hubebwa na yeyote. Shamba ni neno jingine.

Swalehe, ambaye roho yake ni nzuri kuliko mizani yake, alikuwa na dawa. Juu ya jiko alikuwa ameona vibuyu vya maharage vimening'inia kwenye moshi. Mama Neema amuuzie yale, yeye atoe bei ya Tunduma, na kwa fedha hiyo waajiri vibarua kesho. Akanigeukia niunge mkono. Nikaunga. Nilieleza kwa dakika kadhaa, kwa ufasaha unaonitia aibu mpaka leo, jinsi mtaji unavyozunguka.

Mama Neema alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hayo ni mbegu, shemeji," akasema. "Nikiyauza nikalimiwa, nitapanda nini?"

Swalehe akasema basi, atapita tena keshokutwa akirudi Tunduma, akaenda zake na lori.

Kesho yake jua lilipoelekea kuzama nilimwona Mama Neema akiuchukua ule mfuko wangu wa chumvi, akausukuma chini kabisa ya kitanda. Kisha akatwaa kikombe kitupu, akajifunga khanga safi.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Tusekile, kuazima chumvi."

Nikamkumbusha kwamba chumvi nimeleta. Akasema ameiona, na Mungu anibariki, na akatoka. Mimi, nikiamini kwamba furaha ya wageni imemchanganya, nikauvuta mfuko kutoka uvunguni nimkimbilie. Kibona alinirudisha kwa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Kuruta! Weka chini. Unataka kutuua?"

Ndipo nilipofundishwa. Mama Tusekile, mjane wa nyumba ya jirani, ndiye aliyeongoza zamu za kulima. Kumwendea na fedha isingefaa, wala kumwomba msamaha, kwa sababu hakuna aliyesema kuna kosa. Nyumba ya Kibona ilikuwa imetangaza kwa vitendo kwamba haihitaji kitu cha mtu. Sasa ilibidi itangaze kwamba inahitaji, na ianze na kitu kidogo kabisa, ambacho hata maskini huwa nacho. Mama Tusekile angeweza kumwambia chumvi imekwisha. Hapo ndipo kila kitu kingekuwa kimekwisha.

Tulikaa barazani tukitazama njia. Nimewahi kusubiri matokeo ya mitihani, na nimewahi kusubiri mke wangu ajifungue, lakini sijui kama niliwahi kusubiri jambo lolote jinsi nilivyosubiri kikombe kile kirudi. Alikuja polepole, amekishika kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa hadi kikawa na kichuguu.

Alipoketi jikoni alianza kucheka, kisha akajifuta macho kwa pindo la khanga. Mama Tusekile alikuwa amemwacha amesimama mlangoni akimaliza kwanza kupepeta ulezi wake wote. Kisha akamuuliza, "Kwani fedha zenu za kahawa hazikolezi mboga?"

"Ukamjibuje?" akauliza Kibona.

"Nimemwambia hazikolezi."

Nikauliza tutairudisha lini. Wakatazamana. Kumrudishia mtu chumvi yake upesi, na sawasawa na ulivyopewa, ni kumwambia kwamba tumemalizana. Hurudishwa baadaye, tena kwa kitu kingine, na kizidi au kipungue kidogo, ili siku zote kuwe na mtu wa kwenda kwa mwenzake.

Alfajiri iliyofuata niliamshwa na vyuma kugongana. Ukungu ulikuwa mzito, na ndani yake majembe yalikuwa yanapanda mlima kabla ya wenye majembe kuonekana. Hawakuja mlangoni kusalimia. Walikwenda moja kwa moja shambani, wakajipanga kutoka kijito hadi kilele, wanawake, wazee, vijana, na mtu mmoja akaanza wimbo. Sikumwona msimamizi. Mstari ulipinda pale mzee alipochoka, jirani zake wakalima kipande chake bila kumtazama, ukanyooka tena. Nimewahi kufundisha vijana kwamba watu hufanya kazi kwa sababu ya ujira. Nilisimama na jembe la kuazima, nikaona mlima mzima ukigeuka rangi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza somo langu likaonekana dogo.

Nililima pia. Matuta yangu yalichekwa na watoto.

Adhuhuri Swalehe alifika na lori. Alisimama akatazama kwa muda mrefu, akavua viatu, akaingia kwenye mstari. Wakati wa togwa Mama Tusekile akamkazia macho.

"Wewe baba wa lori, shamba lako liko wapi?"

"Kondoa, mama."

"Mbali. Lakini tutakuja." Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

Nikasema sina shamba. Nina nyumba, na ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Alinitazama kama anavyotazamwa yatima, akaniongezea togwa.

Usiku huo mvua ikanyesha.

Nilirudi Dar es Salaam na viatu vyangu, ingawa mama wa Tunduma alipandisha bei. Makala sikuiandika. Jumamosi ya kwanza nilitwaa kikombe jikoni. Mke wangu akauliza ninakwenda wapi. Nikasema kuazima chumvi. Akanionyesha kopo lililojaa. Nikasema ndiyo, nimeliona.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta sikuwa nikilijua jina lake, na tulikuwa tumeishi hivyo miaka mingi. Alifungua kidirisha cha geti, akanipima mimi na kikombe. Aliporudi, chumvi ilikuwa imejaa.

"Chukua tu, mzee," akasema. "Si lazima urudishe."

"Nitarudisha," nikamwambia. "Ila si leo."