Kanuni ya Mganga Niliyoitunga Mwenyewe

Landrova ilikuwa imeshatoka getini pale shamba la utafiti Uyole, Damari mpishi anaikimbilia na boksi mkononi.

"Bwana! Umesahau!"

Mzungu wa mbegu akatoa mkono dirishani: kaeni nalo. Akashika barabara ya Iringa, ndiyo kwao huyo.

Boksi lile ndilo lililonifanya niue mtoto aliyekwisha kufa.

Tulia, nakusimulia.

Ilikuwa 1976. Ndani mna vijitabu vya Kiingereza na kete za pembe nyingi. Mchezo wa kubuni, mzungu alishatuonyesha. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana mtu wake humo safarini. Unachagua: askari, mwizi au mganga. Kila aina na kanuni zake.

Msimuliaji akawa Bujiku, Msukuma mchunga ng'ombe wa shamba, mdomo kama redio. Mimi askari. Tena mimi ndiye msomaji wa kanuni, maana nilifika darasa la sita. Wenzangu Kiingereza hola.

Damari akachukua mganga. Akampa jina Severina.

Severina alikuwa binti yake. Surua ilimchukua ana miaka saba.

"Humu atakua," akasema. Basi.

Na kweli alikua. Mwanzoni panya tu anamkimbiza. Baada ya miezi michache, anaponya waliokwisha kukata roho. Askari wangu je? Panga lile lile.

"Yotamu, kaa nyuma ya mtoto," Bujiku ananicheka. "Wanyakyusa siku hizi mnalindwa na watoto?"

Iliniuma, ndugu zangu.

Jumapili moja nikafungua kijitabu, nikaweka kidole kwenye mstari wowote.

"Tulipitiwa. Mganga akimponya mtu, nguvu inatoka kwake mwenyewe. Hairudi."

"Imeandikwa?" Damari akauliza.

"Hii hapa."

"Haya. Kama imeandikwa."

Nilitaka apungue tu, tulingane.

Wiki iliyofuata askari wangu akachomwa mkuki. Bujiku akatupa kete, akatikisa kichwa. Nakufa.

Damari akahesabu nguvu iliyobaki kwa Severina. Ilitosha mtu mmoja, kisha mganga mwenyewe kwisha.

"Mpe kaka Yotamu," akasema.

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Bujiku akalifuta jina la mtoto kwenye karatasi, na Damari akaenda kubandika maharage. Hakucheza nasi tena.

Mwezi haukuisha, nikadandia lori la viazi nikapotea.

1979 nikamkuta Damari sokoni Iringa, anauza vitumbua.

"Kaka Yotamu! Ile kanuni ya mganga iko ukurasa wa ngapi? Tunabishana nyumbani."

"Kumi na tisa," nikajibu. Hata sikupepesa.

Akanitazama.

"Mdogo wake Severina, Benedicta, yuko kidato cha tatu. Vile vijitabu nilihama navyo, amevisoma vyote, mara mbili. Haimo. Nilitaka tu kujua kama umekua."

Akamgeukia mteja mwingine.

Wewe unayesoma, ukiaminiwa kuwasomea watu, soma kilichopo. Ukishadanganya, sema siku hiyo hiyo. Kesho yake utadanganya tena, na itakuwa rahisi zaidi.

Bujiku alihamia Usangu na ng'ombe wake, akafa 1994. Benedicta alisomea uuguzi, sasa amestaafu, yuko Idodi. Damari alizikwa Iringa 2008. Mimi nimepanga chumba Igawa.

Kwenye mazishi ya Damari nilifika, nikasimama nje ya ua, nikaondoka kabla hawajaimba.